Kufufua bunduki ya upepo ya springi iliyokwishatumika

Bunduki ya upepo iliyokaa visiwani miaka mingi huwa na maradhi mawili, na mara nyingi yote kwa pamoja: kutu ya hewa ya bahari kwa nje, na mafuta yasiyo yake kwa ndani. Mwenyewe aliiona imelegea, akaitia mafuta ya cherehani au ya nazi kwenye mlango wa risasi, ikapiga kwa kishindo siku mbili tatu, kisha ikawa mbovu kuliko mwanzo. Anayeinunua baada yake hudhani dawa ni kuitia springi kubwa zaidi. Nyingi ya bunduki hizi zinataka usafi, sili (kizibo cha kuzuia upepo usivuje) inayobana sawasawa na springi ya kiasi kile kile alichoweka muundaji. Kazi inayoelezwa hapa ni ya kuipata bunduki ipige vilevile kila mara. Nguvu itarudi yenyewe ikiwa hayo yamekaa sawa.

Maelezo yanahusu hasa bunduki za kukunja mtutu, kama BSA Meteor na Webley za Uingereza, Diana 27 na Weihrauch HW35 za Ujerumani, na zile za India na China zinazofuata mitindo hiyo. Za kukoki (kubana springi tayari kwa kupiga) kwa mkono wa chuma ulio chini au ubavuni zina mambo yale yale ndani, ila zina hatari moja kubwa zaidi. Kwa nyingi kati ya hizo, silinda huteleza nyuma ukikoki, na kidole kinachoweka risasi kinakaa kwenye njia yake. Kulabu ya triga, inayoishika pistoni (chuma kinachosukumwa na springi ili kibane upepo), ikiachia, kidole kinakatika. Kwa hiyo mkono mmoja ushikilie mkono wa kukokia muda wote ambao mwingine unaweka risasi.

Kabla ya kutoa pesa

Anza na karatasi. Nenda kituo cha polisi cha wilaya yako, uliza kuhusu kibali, na umtake muuzaji aonyeshe uhalali wa kuwa nayo. Usiichukue kwanza kwa ahadi ya kuja kuandikishana baadaye, na usipande nayo boti baina ya Pemba na Unguja bila ya karatasi hizo mkononi. Jambo la pili ni matumizi. Popo wa Pemba, kima punju na paa nunga si shabaha ya mtu yeyote. Kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, wanachukiwa na kila mwenye vifaranga, lakini risasi iliyomkosa kunguru juu ya paa inaweza kwenda mita 200 na zaidi, na mitaa yetu imebanana. Tunaandika kwa ajili ya mtu anayelenga karatasi mbele ya sanduku la mchanga.

Ukiishika bunduki mara ya kwanza, chukulia kuwa imekokiwa na ina risasi. Elekeza mdomo chini mahali salama, kunja mtutu polepole huku ukiushika kwa nguvu, utazame ndani. Kisha kagua haya.

Uangalie mtutu kwa ubavu, uufananishe na mstari wa silinda. Kama umepinda kwenda juu karibu na bawaba, mtu alivuta triga mtutu ukiwa wazi, ukarudi kwa nguvu ya springi yote. Iache. Kitako nacho mara nyingi huwa kimepasuka nyuma ya triga kwa sababu hiyo hiyo.

Tazama ndani ya mtutu kwa mwanga. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa husafishika, lakini mashimo meusi hayasafishiki, na mtutu wa namna hiyo hautapata kundi zuri (matundu ya risasi yaliyokaribiana kwenye karatasi) hata ufanyiwe nini. Kutu ya nje haikutishi isipokuwa imekula chuma pale silinda inapokutana na kitako, ambapo jasho na unyevu hujificha.

Koki mara moja. Mkono ukisikia mkwaruzo au mruko wa ghafla katikati ya njia, springi imevunjika au imepinda. Hilo ni rahisi kutengeneza na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Usifyatue bila risasi ili “kuisikia.” Risasi ndiyo inayoziba njia ili upepo ujikusanye mbele ya pistoni na kuipokea. Pasipo risasi upepo unatoka wote, na pistoni inagonga mwisho wa silinda chuma kwa chuma.

Angalia pia alama. Herufi F ndani ya pembetano ni ya soko la Ujerumani, na maana yake bunduki imeundwa isizidi jouli 7.5 (jouli ni kipimo cha nishati ya risasi). Hiyo ina springi laini kwa makusudi. Ukiilinganisha na ya Uingereza, ambako mpaka ni kama jouli 16, utadhani ni mbovu, kumbe ndivyo ilivyozaliwa.

Vifaa

Bisibisi zinazojaa kwenye mfereji wa skrubu (skrubu za kitako huharibiwa na bisibisi nyembamba kuliko kitu kingine chochote), chuma cha kutolea pini cha milimita 3 na 5, nyundo ndogo, jiliwa, tupa ndogo za sindano, msasa namba 400 na 600, kalipa (kipimio cha unene na kipenyo), mafuta ya taa, vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi, na miwani ya macho. Cha lazima kabisa ni kibanio cha springi. Springi ndani ya silinda imebanwa tangu bunduki ikiwa haijakokiwa, kwa nguvu ya kilo 20 hadi 40, na kizibo cha nyuma kikiachiwa ghafla kinatoka na kuvunja meno ya aliye mbele yake.

Klampu ndefu ya seremala, ya sentimita 100, inatosha. Ukikosa, tengeneza. Ubao mgumu wa sentimita 110 kwa 15, kipande cha mbao kilichopigiliwa kwa bolti upande mmoja chenye shimo la kupokea mdomo wa mtutu au mbele ya silinda, na upande wa pili kipande kingine kilichotobolewa na kuwekewa nati ya M12, ambamo hupita nondo ya tredi ya sentimita 30 yenye mkono wa kuzungushia. Katikati weka vishikio viwili vya mbao vilivyokatwa umbo la V ili silinda isiruke pembeni. Tumia bolti kwenye vipande vyote viwili. Misumari hung’oka.

Kufungua

1. Hakikisha haijakokiwa na haina risasi. Toa skrubu mbili za ubavuni mbele ya kitako na moja au mbili za kwenye kinga ya triga. Kitako kitatoka. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa mahali springi ndogo za triga zinapokaa.

2. Toa bolti ya bawaba, unyanyue mtutu pamoja na mkono wa kukokia. Pembeni mwa bawaba kuna wosha nyembamba, na unene wa kushoto si lazima ulingane na wa kulia. Ziandike.

3. Laza silinda kwenye kibanio, kaza mpaka kizibo cha nyuma kisogee kidogo tu. Kwenye bunduki za pini, kama Meteor, pini zitalegea na kutoka kwa kidole au kwa pigo dogo. Zikikataa, bado hujakaza vya kutosha. Usizilazimishe. Weihrauch nyingi hazina pini: kizibo kina tredi, na hufunguliwa kwa kuzungusha, huku kibanio kikingoja pale tredi inapoisha.

4. Legeza kibanio polepole mpaka springi isiwe na nguvu. Inaweza kusukuma nje sentimita 3 hadi 7.

5. Toa springi, fimbo ya ndani yake, na pistoni. Pistoni ikikwama, sukuma kwa kijiti cha mbao kupitia mfereji wa kukokia (ufa mrefu wa silinda unaopitisha mkono wa kukokia), usitie bisibisi.

Kwenye Diana 27 na ndugu zake, triga inashika pistoni kwa gololi tatu ndogo. Zikidondoka kwenye sakafu ya udongo hutaziona tena, kwa hiyo fungulia ndani ya sinia.

Kuosha na kukagua

Osha kila chuma kwa mafuta ya taa. Grisi ya zamani iliyochanganyika na mafuta ya nazi huwa imegeuka utomvu wa rangi ya kahawia, na inataka kulowekwa usiku kucha. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au hivi na huoza yakikaa, kwa hiyo jikoni ndiko kwake. Kausha kabisa, kwani mafuta ya taa yaliyosalia ndani ya silinda yatawaka risasi ya kwanza.

Tazama silinda kwa mwanga. Mikwaruzo ya urefuni inayoshikika kwa ukucha inavujisha upepo. Midogo huondoka kwa msasa namba 400 uliozungushiwa kijiti, ukizungusha na kuvuta kwa mshazari mara 20 hadi 30, kisha 600. Baada ya hapo osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, pitisha kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe. Chembe moja ya msasa ikibaki, sili mpya haitamaliza mwezi.

Kazi ambayo wengi huiruka iko kwenye mfereji wa kukokia. Kingo zake huachwa kali kiwandani, hasa kwenye bunduki za bei ndogo, na ndizo zinazokata mdomo wa sili wakati wa kuirudisha pistoni. Zilainishe kwa tupa ya sindano, kwa ndani na kwa nje, umalizie na msasa. Fanya vivyo hivyo kwenye matundu ya pini.

Springi izungushe juu ya kioo cha dirisha. Ikiyumba, imepinda na itapiga kelele na kuitikisa bunduki. Hesabu mizunguko na upime unene wa waya. Mizunguko 33 ya waya wa milimita 3 ikibanwa kabisa inakuwa milimita 99. Nafasi iliyopo bunduki ikiwa imekokiwa ni kina cha ndani cha pistoni, ujumlishe mwanya uliobaki kati ya mkia wa pistoni na kizibo cha nyuma, utoe unene wa wosha na kisahani cha fimbo. Nafasi hiyo lazima izidi urefu wa springi iliyobanwa kwa milimita 3 hadi 5. Isipozidi, springi itabanana kabla kulabu haijashika. Mtu ataongeza nguvu kwenye mtutu, na mtutu au pini ndiyo itakayopinda. Hapa ndipo springi za “nguvu zaidi” zinapoharibu bunduki.

Springi iliyofupika kidogo haitupwi. Hata mpya hupoteza urefu katika risasi mia za mwanzo, kisha hutulia. Badilisha iliyovunjika, iliyopinda au iliyoliwa na kutu mpaka ina vishimo, kwani kwenye kishimo ndipo itakapovunjikia. Ncha zote mbili ziwe bapa na laini. Zisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka zing’ae.

Sili ya pistoni

Zipo za aina mbili: za plastiki ngumu zenye mdomo mwembamba uliotandazika, na za ngozi zilizo kama kikombe. Bunduki nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zina ngozi.

Ya plastiki ikiwa imeungua, imepasuka mdomoni au imekuwa ngumu kiasi cha kukatika ukiikunja, agizia mpya kwa jina la bunduki na kipenyo cha silinda. Pima silinda yenyewe, usipime sili kuukuu iliyokwisha liwa. Mpya inapaswa kuingia kwa kusukumwa kwa gumba kwa uzito kidogo. Ikihitaji nyundo, ipunguze ubavuni kwa msasa namba 400 huku ukiizungusha, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Ikiingia bila kugusa, haifai.

Kipimo cha mwisho ni hiki: weka pistoni ndani ya silinda, ziba tundu la kupitishia upepo kwa kidole, sukuma. Upepo uikatae pistoni na kuirudisha. Ikishuka polepole kwa sekunde kadhaa, inatosha. Ikizama mara moja, inavuja.

Ya ngozi unaweza kuitengeneza hapa hapa, na ikitengenezwa vizuri hukaa miaka. Mwombe fundi viatu ngozi ya ng’ombe ngumu, ile ya soli iliyotengenezwa kwa magome ya miti, unene wa milimita 3 hadi 4. Ngozi laini ya mikoba haishiki umbo. Kwa silinda ya milimita 25, kata duara la milimita 40. Loweka katika maji vuguvugu nusu saa. Mwombe fundi wa mashine ya kukereza akutolee pete ya chuma au ya plastiki ngumu yenye tundu la milimita 25, na kizibo cha milimita 19 (yaani 25, utoe unene wa ngozi mara mbili). Weka ngozi juu ya pete, sukuma kizibo kwa jiliwa, iache humo siku mbili kivulini. Juani itapasuka na kusinyaa. Ikikauka, kata mdomo wake kwa wembe uliosawazika, ubaki na kina cha milimita 6 hivi, toboa katikati na uifunge kwenye pistoni kwa skrubu na wosha yake.

Skrubu hiyo hupigwa tetemeko kila risasi. Itie gundi ya tredi, la sivyo itajifungua na kuchimba mwisho wa silinda. Kichwa chake kisizidi usawa wa ngozi.

Kisha ngozi inyweshwe mafuta. Yanayofaa ni mafuta ya kwato za ng’ombe, ambayo mafundi wa ngozi wameyatumia kwa muda mrefu. Yanapatikana kwa kuchemsha makongoro kwa maji matupu, kuacha yapoe na kuyaengua juu. Chumvi ikiingia sufuriani usiyatumie kwenye chuma. Loweka usiku mmoja, kamua kwa kitambaa, futa. Risasi 20 au 30 za mwanzo zitatoa moshi. Zikishafika 50 na bado inafuka, umeiacha na mafuta mengi.

Fimbo, kelele na mtetemo

Bunduki inayopiga “zing” kama kamba ya zeze baada ya kila risasi haina springi mbovu, ina nafasi. Springi inacheza juu ya fimbo na ndani ya pistoni. Fimbo za kiwanda mara nyingi ni za bati lililokunjwa, pungufu ya milimita moja au zaidi. Fundi wa kukereza akikutolea ya nailoni inayoingia springi kwa kubana kidogo, kelele itapungua sana. Ndani ya pistoni kata kipande cha chupa ya maji ya plastiki, kikunje kiwe bomba linalofuata ukuta, kisifike mwisho wa pistoni. Unene wake ni kama robo ya milimita tu. Kama springi inagusa na kusugua kwa nguvu, kitoe. Afadhali kelele kuliko kuzuia springi.

Weka wosha ya chuma laini iliyong’arishwa kila mwisho wa springi. Springi inapofunguka hujizungusha, na wosha ndiyo inayoiruhusu kuzunguka bila kuizungusha bunduki.

Triga

Hapa mkono uwe mwepesi. Uso wa kulabu umetiwa ugumu wa juu juu tu, sehemu ndogo ya milimita, na chini yake chuma ni laini. Anayeupiga tupa ili triga iwe laini hupata triga nzuri kwa wiki moja, halafu bunduki hufyatuka ikifungwa. Osha, toa kutu, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye pini na grisi kidogo kwenye kulabu, basi. Kama kuna skrubu ya kurekebishia, vuta triga kwa mizani ya kuning’iniza ya wauza samaki: kilo 1 hadi 2 ni sawa, na chini ya kilo 1 usishuke.

Grisi na kurudisha

Pistoni ipakwe grisi nyeusi yenye molibdenamu kwenye mkanda wa mbele na wa nyuma, tabaka ambalo kidole kinaliona lakini hakilikusanyi. Ubavu wa sili upakwe kwa ncha ya kidole, uso wake wa mbele uwe mkavu kabisa. Springi inapakwa grisi nzito ya jointi za gari, kiasi cha kijiko cha chai kwa springi nzima. Ikizidi itarushwa mbele na kuvuka pistoni.

Sababu ya ukali huu ni fizikia tu. Upepo unaobanwa kwa haraka hivyo hupata joto la mamia ya nyuzi. Mafuta yaliyoko mbele ya pistoni huwaka, hupiga kishindo, hukuonyesha nguvu ya uongo, huunguza sili na kuvunja springi. Dawa za kupuliza za kulegezea kutu zisiingie silinda hata kidogo, wala mafuta ya breki, ambayo huvimbisha mpira.

Kabla ya kuingiza pistoni funika mfereji wa kukokia kwa ukanda wa plastiki kwa ndani, ili mdomo wa sili uteleze juu yake, kisha uvute. Rudisha springi na kibanio kwa mpangilio wa picha zako. Pini zikiingia kwa kidole, umepanga sawa.

Bolti ya bawaba ikazwe kiasi kwamba mtutu, bunduki ikiwa imekokiwa na ukiushika kwa mkono kwa tahadhari, unakaa pale unapouacha bila kuanguka. Sili ya mlango wa risasi, iwe ngozi au oringi (pete ya mpira), itokeze milimita 0.2 hadi 0.4. Oringi zipo kwenye maduka ya mabomba. Kama imezama, weka chini yake pete ya karatasi ngumu. Kuhakikisha, funga utepe wa karatasi ya chooni kuzunguka maungio, piga risasi moja kwenye mchanga. Karatasi ikirushwa, panavuja.

Mtutu, kutu ya nje na kitako

Mtutu husafishwa kwa mshipi wa kuvulia wenye fundo na kipande cha kitambaa, uvutwe kutoka mlangoni kwenda mdomoni. Hapana brashi ya chuma. Weusi wa madini ya risasi uliosalia humo unatoka kwa vitambaa kumi na mafuta kidogo, kisha vikavu. Mdomo wenyewe ukaguliwe kwa kioo cha kukuza, kwani jeraha dogo upande mmoja hupeleka risasi upande wa pili.

Kutu ya nje isugue kwa pamba ya chuma laini kabisa na mafuta, kwa subira. Ndimu na siki huondoa kutu kweli, pamoja na rangi yote ya buluu ya chuma, na ukitumia lazima upake rangi upya. Kitako kilichokauka kinywe mafuta ya kitani mara tatu, kila mara siku moja baina yake. Sifa ya jahazi (mafuta ya papa yenye kunuka) huhifadhi mbao, lakini hakuna atakayelaza shavu juu yake. Ufa mdogo hujazwa gundi nyeupe ya seremala na kufungwa kwa kamba siku nzima.

Skrubu za kitako zikilegea, kundi la risasi hutawanyika bila ya sababu nyingine. Zitie rangi ya kucha kwenye tredi, zikaze, uzikague tena baada ya risasi 50.

Kupima

Sanduku la mbao lililojaa mchanga mkavu, kina cha sentimita 20, liwe nyuma ya karatasi. Usipige ukuta wa mawe ya matumbawe, risasi hurudi na chembe za jiwe huruka. Miwani machoni, watu nyuma yako.

Triga ijaribiwe kwanza. Koki, weka risasi, funga, elekeza mdomo kwenye sanduku, gonga kitako kwa kiganja. Ikifyatuka, rudi kwenye kulabu.

Tumia risasi mpya za kipimo sahihi, 4.5 au 5.5. Za kwanza zina uzito wa gramu 0.5 hivi, za pili gramu 0.9 hadi 1. Vishale vya chuma huharibu mtutu. Risasi ni madini ya risasi, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula.

Mwenye kipima mwendo ahesabu hivi: nusu ya uzito kwa kilo, mara mwendo, mara mwendo tena. Risasi ya gramu 0.53 ikienda mita 200 kwa sekunde ni jouli 10.6. Kilicho muhimu zaidi ni tofauti baina ya risasi kumi: ikiwa chini ya mita 6 kwa sekunde, umefanya kazi nzuri. Asiye nacho apige sabuni ya mche iliyowekwa mbele ya mchanga, mita 5, apime kina kwa kijiti kabla ya matengenezo na baada yake. Sabuni iwe mche ule ule, kwani iliyokaa hewani hukauka na kuwa ngumu.

Kulenga kunataka adabu yake. Bunduki ya springi hurudi nyuma na mbele kabla risasi haijatoka, kwa hiyo ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, usiikabe, wala usiilaze juu ya ukuta au kiti. Kiganja kiwe mahali pale pale kila mara. Kwa mita 10, risasi tano kutoka bunduki ya zamani yenye vilengeo vya chuma zikiingia ndani ya milimita 15, imetengemaa. Kilengeo cha nyuma husogezwa kule unakotaka risasi iende, cha mbele kinyume chake. Darubini za bei ndogo hazistahimili mrudo huu wa pande mbili. Lenzi zake hulegea.

Kuiweka

Chumvi ya kidole inatosha kuanzisha kutu siku mbili tu za masika. Kila baada ya kushika, futa chuma kwa kitambaa chenye mafuta mepesi. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au kitambaa, unyevu hubaki humo, wala usiiegemeze ukuta wa chokaa. Iwe kabatini, imefungwa kwa ufunguo, haijakokiwa, risasi mahali pengine.

Ikikusumbua baadaye

Moshi na kishindo kila risasi: mafuta mbele ya pistoni. Fungua, osha, usingoje yaishe yenyewe.

Nguvu imepungua polepole: anza na sili ya mlango wa risasi, ni rahisi na ndiyo hasa yenye kosa. Kisha sili ya pistoni. Springi iwe ya mwisho kushukiwa.

Inagonga kwa ukali na risasi inakwenda taratibu: pistoni haipokewi na upepo. Sili inavuja, au risasi ni nyepesi na legevu mno mtutuni.

Haishiki ikikokiwa: kulabu imechafuka, springi imebanana, au mkono wa kukokia umepinda na hauivuti pistoni hadi mwisho. Angalia alama za msuguano kwenye mfereji, zitakuonyesha ilipoishia.

Kundi linapanda na kushuka lakini haliendi pembeni: mtutu haufungi mahali pale pale. Safisha meno ya kufungia, angalia springi yake ndogo, kaza bawaba. Ikiendelea, wosha za bawaba zimeliwa, na fundi wa kukereza atazitoa mpya kwa bei ndogo ukimpelekea kipimo cha unene.